Kumfundisha mtoto mdogo kinanda na kusoma nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha darasa la kwanza, na Jumapili napiga kinanda cha kwaya. Kwa hiyo wazazi hunisimamisha sehemu zote mbili, wengine kwenye geti la shule, wengine nje ya kanisa, na maswali yao yanafanana. Nyumbani nimewafundisha wanangu wawili kusoma na kupiga kinanda, na niliyokosea kwa mkubwa niliyarekebisha kwa mdogo. Ninachokiamini kuliko vyote ni kwamba sauti hutangulia na alama hufuata. Mtoto aliyezoea kuisikia na kuitamka "ma" ataitambua ikiandikwa. Aliyeimba "mi" mara nyingi ataitafuta kwenye kinanda mpaka aipate.

## Aanze akiwa na umri gani?

Kuimbiwa na kusimuliwa hadithi aanze tangu mchanga. Kukaa chini kwa somo, mimi husubiri afike miaka minne na nusu au mitano, na hata hapo namtazama kwanza. Je, anaweza kukaa na jambo moja kwa dakika tano? Ukimpigia makofi ya mdundo, anaweza kukufuata? Ukimtajia "bata", "bahari" na "meza", anasikia ni lipi halikuanza kama mengine? Anaweza kuinua kidole kimoja huku vingine vimetulia mezani?

Akishindwa mengi kati ya hayo, chezeni tu. Mchezo wa makofi, vitendawili, kutafuta maneno yanayoanza kwa sauti moja mkiwa kwenye daladala. Baada ya miezi miwili mjaribu tena. Hakuna kilichopotea.

## Nianze na kipi, kusoma au kinanda?

Anza na kusoma, kisha kinanda kiingie baada ya wiki sita hivi, na tangu hapo viende pamoja. Katika wiki hizo apate vokali zote tano na konsonanti chache: m, l, s, d, f, r. Sikuzichagua kwa kubahatisha, na jibu linalofuata litakuonyesha sababu.

## Kwa nini unafundisha do re mi? Vitabu vingi vya kinanda vinatumia C, D, E.

Kwa sababu mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili akiambiwa "hii ni E, iite *ii*", umemvuruga. Asubuhi ulimfundisha kuwa herufi hiyo inasomeka "e", na kwamba "i" ni ile nyingine yenye nukta juu. Sasa A inaitwa "ei", E inaitwa "ii", na C, ambayo katika Kiswahili haitembei bila h, inaitwa "sii". Mtu mzima anavuka hilo bila shida. Mtoto wa miaka mitano anaanza kusoma "meza" kama "miza", na wewe unadhani hajui.

Sasa tazama majina ya nota tunayoimba kwenye kwaya: do, re, mi, fa, so, la, ti. Kila moja ni silabi kamili ya Kiswahili, konsonanti moja na vokali moja. Mtoto aliyejifunza m, l, s, d, f na r pamoja na vokali anaweza kuzisoma mwenyewe kabla hujamwambia chochote, na ti huja siku akiijua t. Binti yangu alipoliona neno "fa" nililoliandika kwenye kadi, alilisoma, akauliza maana yake. Nikaenda kwenye kinanda nikaipiga. Hapo ndipo masomo mawili yalipokuwa somo moja nyumbani kwetu.

Kuna mchezo uliotokea hapo, na hadi leo sijapata mwingine unaoushinda. Mwandikie mtoto neno, alisome, kisha alipige. "Mimi" ni mi-mi, kitufe kilekile mara mbili. "Dodo" ni do-do, na ukiwa na embe dodo mezani ndiyo zawadi yake. "Sofa" ni so-fa, "refa" ni re-fa, na yote hayo yanapatikana bila mkono kusogea kutoka vitufe vitano vya mwanzo. Akishaijua la, mpe "lala" na "dola". Kisha mpe "mila" na "lami" siku moja. Ni nota zilezile mbili. "Mila" sauti inapanda, "lami" sauti inashuka. Mtoto anasikia kwa masikio yake kwamba silabi zikibadilishana nafasi, neno limekuwa jingine na wimbo umekuwa mwingine. Sijui somo la ubaoni linaloweza kumwonyesha hilo kwa uwazi namna hiyo.

Jina "ti" linahitaji maelezo kidogo. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyeibadilisha "si" katika karne ya 19 ili kila nota ianze na herufi yake, maana "so" na "si" zote huanza na s. John Curwen akaueneza mfumo huo, na wamisionari wakauleta kwenye kwaya zetu. Kwenye nchi zilizofuata desturi ya Kifaransa, kama Kongo, Burundi na Rwanda, wengi wamebaki na "si". Ukiwa huko usibadilishe kitu. Utakuwa umejipatia "sisi" na "sifa" za kupiga bure.

Herufi za C, D, E zitakuja. Mimi huziingiza mtoto akishasoma sentensi fupi bila kusitasita, na hapo huwa ni kazi ya wiki moja.

## Kwenye kwaya yetu do inahama. Wimbo mmoja do ni G, mwingine ni F. Je, haitamchanganya?

Mwaka wa kwanza usihamishe. Do ibaki kwenye C, na nyimbo zote azipige hapo. Akiwa mkubwa kidogo atajifunza kwamba do inaweza kuhamia nyumba nyingine na wimbo ukabaki wimbo uleule, na watoto wanaoimba sana hulipokea hilo haraka.

## Herufi nizifundishe vipi?

Kwa sauti zake, kamwe usianze na majina ya Kiingereza. Mtoto anayejua kuwa hiyo ni "em" na hiyo ni "ei" hawezi kupata "ma", kwa sababu "em" na "ei" zikiunganishwa hazifanyi "ma". Mwambie hii ni "mmm", midomo imefungwa, kisha fungua midomo useme "a". Mmm-a. Afanye mwenyewe mbele ya kioo.

Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa anayejifunza kusoma. Vokali ni tano na kila moja ina sauti moja tu popote ilipo. Q na x hazimo. Ukishaijua "ka" kwenye "kaka", ni ileile kwenye "kalamu" na kwenye "paka". Tumia bahati hiyo. Mfuatano wangu ni huu: a, i, u, o, e, kisha m, l, s, d, f, r, kisha n, k, t, b, p, kisha zilizobaki. Angalia kwamba b na d nimezitenganisha kwa makusudi, maana zikija pamoja zitamchanganya mtoto kwa miezi. Ikiwa d inakuja mapema kwa ajili ya "do", basi b isubiri hadi d imekaa.

Tangu 2015 mtaala wa Tanzania wa darasa la kwanza na la pili umeweka mbele KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa hiyo unachofanya nyumbani hakitapigana na cha shule. Muulize tu mwalimu wake wamefika herufi gani.

## Mwanangu anaimba "ba be bi bo bu" yote bila kukosea, lakini akiona neno kitabuni hasomi. Tatizo ni nini?

Ameikariri kama wimbo. Hili ndilo jambo ninalokutana nalo zaidi ya mengine yote darasani, na mzazi huwa na uhakika kabisa kwamba mtoto anajua kusoma, kwa kuwa amemsikia. Mtoto anaanza "ba", na ulimi unamalizia wenyewe mpaka "bu" huku macho yako dirishani.

Mpime hivi. Andika silabi kwenye vipande vya boksi, kimoja kimoja, uvichanganye, kisha mwonyeshe "bo" kwanza, halafu "mi", halafu "ba". Akiisoma kila moja bila kurudi mwanzo wa mstari, anasoma. Akianza kunong'ona "ba, be, bi..." mpaka afike, bado anaimba. Usimkemee, kwa sababu kukariri ndiko kulikomfikisha hapo. Chukua silabi sita tu, zichanganye kila siku kwa mpangilio tofauti, na umwache aunde maneno kwa kuzipanga sakafuni: mama, lala, sasa, sema, lima, samaki.

Kwenye kinanda ugonjwa ni huohuo. Mtoto anapiga wimbo mzima vizuri, kitabu kimefunguliwa mbele yake, lakini ukimwambia "anzia hapa katikati" anabaki ameduwaa. Vidole vimekariri, macho hayajasoma. Dawa nayo ni ileile. Mwandikie nota nne ambazo hajawahi kuziona kwa mpangilio huo, kila siku nne mpya, na asipige zaidi ya hizo nne. Nilichelewa kulijua hili kwa mwanangu wa kwanza. Alikuwa na nyimbo kumi na moja kichwani, na hakuna hata mmoja aliokuwa ameusoma.

Lakini usiache kumfundisha nyimbo kwa sikio. Mtoto anayesikia wimbo nyumba ya jirani na kuja kuutafuta kwenye kinanda ana kitu cha thamani. Uwe tu na saa ya sikio na saa ya macho, na ujue mpo kwenye ipi.

## Maneno kama "mtoto", "mbu" na "ng'ombe" yanamshinda. Niyaeleze vipi?

Kwa makofi. "M-to-to" ni makofi matatu, kwa hiyo m imesimama peke yake. "M-bu" ni makofi mawili, na m imesimama. Lakini "mbu-zi" nayo ni makofi mawili, kwa sababu hapa m imebebwa na b. Mtoto anayesema Kiswahili tayari hutamka hivyo bila kufundishwa, wewe unamsaidia tu kusikia anachokifanya. Kwa ng na ng', weka picha ya ngoma na picha ya ng'ombe ukutani, atamke moja baada ya nyingine kila anapopita.

Kama nyumbani mna lugha nyingine na mtoto anasoma "rara" mahali pa "lala", au "zahabu" mahali pa "dhahabu", hilo ni la ulimi. Macho yake yamesoma sawa. Msifu kwa kusoma, kisha matamshi yashughulikieni wakati mwingine.

## Ninunue kinanda cha aina gani?

Cha vitufe 61 kinatosha kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Kinanda kamili kina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, lakini mikono ya mtoto haitafika huko karibuni. Kuna mambo mawili ambayo ningekuomba usiyalegeze. La kwanza, vitufe viwe vya upana wa kawaida. Vile vya kuchezea vyenye vitufe vyembamba vinamzoesha nafasi za uongo, na siku akiketi kwenye kinanda cha kanisani au cha shule vidole vyote vinaangukia pengine. La pili, kibonyezo cha taratibu kitoe sauti ndogo, na cha nguvu kitoe sauti kubwa. Dukani piga kitufe kimoja polepole, halafu kwa nguvu. Zikilingana, kiache hapo.

Midundo mia mbili iliyomo ndani na taa za rangi zisikushawishi. Wiki ya kwanza mtoto atabonyeza hizo tu.

Kingine, angalia kama kinaweza kutumia betri. Vingi vyepesi hutumia betri sita, na kwa mitaa yetu hilo ni la maana.

## Nimepewa piano ya mbao iliyotumika. Niipokee?

Ukiwa Arusha, Nairobi au sehemu nyingine ya baridi kavu, huenda. Ukiwa Tanga, Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, fikiri mara mbili. Unyevu wa pwani huvimbisha mbao mpaka vitufe vikabonyea na kutorudi, nyuzi zinashika kutu, na mchwa hauhitaji mwaliko. Zaidi ya hapo piano ya mbao inahitaji fundi wa kuikaza nyuzi kila mara, na mafundi hao ni wachache. Kabla ya kulipa gari la kuibeba, nenda na mtu anayejua, fungueni mfuniko, mtazame ndani kwa tochi, kisha mpige kila kitufe.

## Mimi mwenyewe sijui kupiga. Nitafundishaje?

Uliwahi kuimba kwaya? Basi unajua zaidi ya unavyofikiri. Ukiweza kuimba do re mi fa so bila kupotea, unaweza kumfundisha mtoto miezi sita ya kwanza, mradi wewe uwe mbele yake kwa wiki moja. Jifunze somo la Jumatatu ijayo Jumamosi hii usiku, akiwa amelala. Mtoto akikuona nawe unatafuta kitufe, unakosea, unarudia, atajua kwamba hivyo ndivyo watu wanavyojifunza.

Baba mmoja aliniambia anaona aibu kwa sababu vidole vyake vimekakamaa kwa kazi ya ujenzi. Nilimwambia akae pembeni, amsikilize mwanawe kila jioni kwa dakika kumi, na amwombe amfundishe alichojifunza. Mtoto yule hakukosa siku hata moja.

## Akaeje? Mikono aishikeje?

Meza ya kulia chakula ni ndefu mno kwa mtoto. Kinanda kikiwekwa juu yake, viwiko vinaning'inia chini na mabega yanapanda hadi masikioni. Tafuta stendi inayoshuka, au meza fupi ya sebuleni. Unataka kiwiko kiwe usawa wa vitufe. Miguu isining'inie hewani pia. Kreti la soda lililopinduliwa ni kigoda kizuri sana cha miguu, na halina gharama.

Mkono uwe kama umefunika chungwa, vidole vimepinda, mkono haujabanwa. Vidole huhesabiwa kuanzia gumba: gumba ni 1, cha mwisho ni 5, mikono yote miwili. Tahadhari: mtoto anayepiga kwa kufuata namba za vidole tu ataamini kwamba 1 maana yake ni do. Siku moja mwambie apige do kwa kidole cha tatu, uone uso wake. Kama ameshtuka, umeligundua mapema.

## Nibandike majina juu ya vitufe?

Hapana, au kimoja tu kwa wiki mbili za mwanzo. Kinanda kina alama zake tayari. Mwonyeshe vitufe vyeusi, vimekaa viwili viwili na vitatu vitatu. Sisi tunaviita mapacha na mafiga. Do inakaa kushoto kwa mapacha. Fa inakaa kushoto kwa mafiga. Ukimwambia "nitafutie kila do", atakimbia kinanda kizima akifuata mapacha, na kwenye cha vitufe 61 atakuta do ya mwisho kulia haina mapacha wake. Mwache aligundue mwenyewe.

Mtoto aliyebandikiwa stika husoma stika. Siku zikibanduka anaanza upya.

## Mdundo nimfundishe kwa maneno gani?

Hapa tena Kiswahili kimetubeba. Hesabu moja hadi kumi huku ukipiga makofi, na usikilize: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, ta-no, si-ta, sa-ba, na-ne, ti-sa, ku-mi. Kila namba ina silabi mbili, na uzito uko kwenye silabi ya kwanza. Kwa hiyo mtoto anapohesabu mapigo manne, silabi ya kwanza inaangukia pigo, na ya pili inaangukia nusu ya pigo. Hahitaji kuongezewa neno lolote katikati ili kugawa pigo nusu. Angalia tu asiimeze "n" ya "nne", aivute kidogo iwe sawa na wenzake.

Kwa pigo lililogawanywa mara nne tunasema "pi-ki-pi-ki". Kwa mara tatu, "ka-ra-nga". Tembeeni hivyo mkienda dukani: hatua moja ni pigo moja, na mdomo unasema pikipiki, pikipiki, karanga, karanga. Mdundo ukae miguuni kwanza. Mtoto anayeyumba kwenye kinanda mara nyingi huyumba akitembea pia, na hapo ndipo pa kumsaidia.

## Nota za kwenye mistari mitano aanze lini?

Akishasoma maneno ya silabi mbili na tatu bila kuhangaika, na akishajua vitufe vitano bila kutafuta. Kwa wengi niliowafundisha imekuwa kati ya mwezi wa nne na wa saba.

Chora mistari mitano uani kwa chaki au mkaa, mipana ya kutosha kuruka. Vizibo vya soda ndivyo nota. Mtoto arushe kizibo, kikitua aseme ni mstari au ni nafasi, kisha arukie hapo na kuimba. Usimpe nota zote kwa siku moja. Mpe nguzo mbili kwanza. Ufunguo wa sol (yaani so), ile alama kubwa iliyo mwanzoni mwa mistari, umejikunja kuzunguka mstari wa pili kutoka chini, na mstari huo ndio so. Do ya kati haimo kwenye mistari mitano, imekaa chini yake kwenye kijimstari chake peke yake, kama mtoto aliyeketi kwenye mkeka wake. Zilizobaki zinahesabika kutoka kwenye hizo mbili. Mkono wa kushoto ukifika, ufunguo wa fa una nukta mbili zilizokumbatia mstari wa nne kutoka chini, na mstari huo ndio fa.

Ona kwamba hata funguo zenyewe zimebeba majina ya do re mi. Aliyejifunza kwa njia hii hana cha kutafsiri.

## Anasoma madrasa pia. Kule anaanza kulia kwenda kushoto. Haitakuwa vurugu?

Watoto wa pwani wamesoma alif na a kwa vizazi vingi bila vurugu. Atakosea upande mara chache mwanzoni. Weka nukta ya rangi mahali pa kuanzia kwenye ukurasa wa Kiswahili na kwenye karatasi ya nota, na masomo hayo yasifuatane bila mapumziko. Mimi nimeona watoto wa madrasa wakiwa na kumbukumbu ya sauti iliyonyooka kuliko wenzao, kwa sababu wamezoea kusikiliza na kurudia kwa makini.

## Muda gani kwa siku?

Dakika kumi za kusoma, dakika kumi za kinanda, siku tano kwa wiki. Kwa mtoto wa miaka minne na nusu, dakika tano tano. Saa nzima ya Jumamosi haiwezi kulipa deni la wiki nzima.

Mtoto anayetoka shule kwa basi na kufika nyumbani saa kumi na moja jioni amechoka, usimkalishe hapo hapo. Ale, acheze, aoge. Sisi tulisoma asubuhi kabla ya uji na kupiga kinanda jioni baada ya kuoga. Acheni mkiwa bado mnafurahia. Akisema "tena kidogo", mwambie kesho.

## Umeme ukikatika?

Chomoa kinanda kwanza, maana umeme unaporudi kwa kishindo huua vifaa. Kisha leteni kinanda cha boksi. Chora vitufe kwa ukubwa wake halisi kwenye boksi lililonyooshwa, upake vyeusi kwa wino. Mtoto anapiga kwenye boksi, na kwa kuwa boksi halitoi sauti, inabidi aimbe mwenyewe. Jioni za giza ndizo zilizomfundisha binti yangu kuimba nota kwa usahihi. Tuliendelea na boksi hata umeme ulipokuwepo.

## Analia, hataki kukaa. Nimlazimishe? Nimchape kidogo?

Usimchape. Nilipokuwa na miaka saba, mtu aliyenifundisha kinanda alinipiga rula kwenye vifundo vya vidole kila nilipokosea. Nilijifunza ule wimbo. Lakini hadi leo, nikifika sehemu ile ya wimbo, mikono yangu inakaza, na ni zaidi ya miaka thelathini. Sitaki mtoto yeyote abebe kitu cha namna hiyo vidoleni mwake.

Kilio kina sababu, itafute. Njaa na usingizi ni vya kwanza. Kisha tazama kama kazi imemzidi: rudi nyuma hatua mbili, apige kitu anachokimudu, aone kwamba anaweza, kisha funga somo. Ikiwa ni ugomvi wa kila siku kwa wiki mbili, simamisha kinanda mwezi mzima. Endelea kumsomea hadithi, endelea kuimba. Acha kinanda kikiwa wazi sebuleni, na wewe ukipige. Wangu wa pili alirudi mwenyewe siku ya kumi na mbili.

Na kuna mtoto ambaye kusoma kunamshinda kwa namna tofauti. Amefundishwa kwa utulivu kwa mwaka, na bado silabi za jana ni ngeni leo. Mpeleke apimwe macho na masikio kabla ya kumwita mvivu. Nimekuwa na mwanafunzi aliyekaa miezi darasani akiona ubao kama ukungu, na hakujua kwamba wenzake wanaona vizuri.

## Tunaishi nje, na shuleni anafundishwa kusoma Kiingereza. Bado nimfundishe Kiswahili?

Ndiyo, na do re mi itakusaidia sana, kwa sababu inampa silabi za Kiswahili kila siku bila kuonekana kama somo la ziada. Tofautisha mahali: Kiswahili kwenye mkeka, Kiingereza mezani. Mpigie bibi yake simu kila wiki amsomee ukurasa mmoja. Bibi asimsahihishe, amsikilize tu.

## Vitabu vya kusoma nivipate wapi bila gharama kubwa?

Tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi fupi za Kiswahili za kusoma na kuchapisha bure, zimepangwa kwa ngazi. Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ina sehemu ya watoto. Cha tatu, ambacho mimi nakithamini zaidi, ni kitabu mnachokitengeneza wenyewe. Karatasi nne zilizokunjwa, mtoto anasimulia, wewe unaandika sentensi moja kila ukurasa, yeye anachora. Maneno ni yake, kwa hiyo anajua yanasema nini kabla hajayasoma, na anajitahidi kuyafikia. Kwenye ukurasa wa mwisho andikeni wimbo wa nota tano wa hadithi hiyo.

## Lini nimtafutie mwalimu wa kinanda? Na mitihani?

Mikono miwili inapoanza kupiga vitu tofauti kwa wakati mmoja, na wewe huna uhakika na vidole, huo ndio wakati. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyoanza 1944. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, iliyoanza 2002, ambako mtoto atasikia pia taarabu. Kwingineko, muulize mpiga kinanda wa kanisa lililo karibu. Kabla hujalipa, kaa kwenye somo moja na usikilize kama anamwimbisha mtoto au anamwonyesha vidole tu.

Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ina ngazi nane, pamoja na ngazi ya utangulizi kabla ya ya kwanza, na siku hizi mtahiniwa anaweza kutuma video. Kwa mtoto wa miaka mitano au sita sioni haja. Alipofika miaka minane, binti yangu aliomba mwenyewe, kwa sababu rafiki yake alikuwa anafanya. Tulichagua nyimbo pamoja, na kabla ya kugusa kitufe chochote alizisoma zote kwa sauti, do re mi, ameketi kwenye ngazi za nyumba.